Kapumzika, kalala, yupo tu au kabweteka? Mwongozo kamili wa kumsema mtu asiyefanya kazi bila kumkosea

Kazi yangu ni kuchapa barua za watu stesheneri hapa Mbeya, maombi ya likizo, maombi ya kazi, taarifa za vikao vya ukoo, matangazo ya misiba, yaani karibu kila karatasi inayopita mkononi ina mtu anayetaka kupumzika, aliyepumzika au aliyekaa bila kazi. Na hapo ndio naona maneno yanavyoumiza watu. Kijana kamaliza chuo, katuma maombi mpaka kachoka, alafu mjomba wake anasema mbele za watu "huyu amebweteka", kumbe hajabweteka, kakosa. Kubweteka na kukosa ni mbali kabisa, na Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha ya kuvitenganisha, tatizo hatuyatumii tunaokota lolote lililo karibu. Nimeandika hatua kwa hatua, fuata huo mpangilio manake ukiruka ya kwanza na ya pili hizo nyingine hazitakusaidia sana.

HATUA YA 1: Anza na maneno yasiyohukumu

Kuna maneno yanayosema tu mtu alikuwa wapi na muda gani, hayasemi kama alifanya kazi au hakufanya. Kushinda ni mchana, kulala ni usiku. "Leo nimeshinda nyumbani", hapo hakuna anayejua kama ulifua, ulipalilia bustani au ulikaa kibarazani unaangalia bajaji zinapita. "Jana nimelala Makambako" haimaanishi ulipata usingizi, dereva wa lori anaweza kulala Makambako huku kakesha anahangaika na tairi na hakupata hata lepe la usingizi. Ndio maana tunasema watoto wameshinda njaa au wamelala njaa, neno linashika mchana au usiku wao basi.

Kukaa ndio la kuliangalia kwa makini. "Anakaa Uyole" ni makazi. "Amekaa" ana kiti chake. "Amekaa tu" tayari ni mashtaka, hilo "tu" dogo ndilo linabeba sumu yote. Na "amejikalia" ndio limezidi, linasema kaamua mwenyewe na wala hana habari. Kwahiyo ukitaka kueleza kwamba mdogo wako yupo nyumbani bila kumchoma, sema "yupo nyumbani" ukaishia hapo.

Kulala nako kuna ukoo mrefu na watu wanauchanganya kila siku. Kulala ni usingizi au kupitisha usiku. Kujilaza au kujiegesha, mtu yuko kitandani au kwenye kochi ila huenda macho anayo, ukimwita anaitika. Kulazwa ni wodini. Tafadhali sana kwenye meseji soma mara mbili kabla ya kutuma, "mama amelala" na "mama amelazwa" zinaachana kidogo tu ukiandika, ila hiyo ya pili itamtoa mtu Iringa apande basi la kwanza. Alafu kuna kulaliwa, hili wakulima wa viazi wa Isyonje na Umalila wanalijua vizuri, mtu kaja na gari lake kanunua gunia kwa bei ya kutupa na lumbesa juu, unasema "amenilalia" au "nimelaliwa", hapo hakuna aliyepumzika hata mmoja.

Huku kwetu kuulizia usingizi ni heshima. Wanyakyusa asubuhi wanasalimiana "ugonile", wakiwa wengi "mugonile", na hiyo salamu inaulizia mtu alivyolala kama "umelalaje" yetu ya Kiswahili. Ila kwa mtu mzima shikamoo inatangulia, ndio unafuata na "umelalaje mama", usianze na usingizi wake kama vile ni rika lako.

HATUA YA 2: Jiulize kaacha au kakosa

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote na ningeomba usiipite haraka. Kabla hujamtaja mtu asiyefanya kazi jiulize, je kaacha kwa muda na ana haki yake? Je kakosa? Au kuna kitu alipewa akakitelekeza? Kila jibu lina maneno yake.

Mwenye haki yake anapumzika, anajipumzisha, yuko likizo, yuko ofu, anavuta pumzi, anajinyoosha mgongo, anapunga upepo. Yote haya yanakubali kwamba kabla ya hapo kulikuwa na kazi na baada ya hapo itaendelea. Tofauti ni ndogo ndogo ila zipo. Kuvuta pumzi ni katikati ya kazi yenyewe, umeegemea jembe dakika mbili alafu unaendelea na tuta. Kujinyoosha ni baada ya kukaa au kuinama sana. Kupunga upepo lazima utoke nje. Kuwa ofu ni kwa wa shifti, walinzi, manesi, wahudumu wa hoteli, na mkulima haendi ofu hata siku moja. Na kupumua siku hizi limehamia kwenye madeni, mtu akisema "sasa hivi angalau napumua" ujue kamaliza marejesho ya kikoba.

Aliyekosa hana kazi, hana mishe, mishe zimekata, yupo benchi, anatafuta. Kuna na "nipo nipo tu", hili ni la mtu kujisemea mwenyewe, ukimwuliza rafiki yako siku hizi unafanya nini akakujibu "nipo nipo tu kaka" hiyo ni njia ya kusema hali ngumu bila kulia mbele yako. Wewe usilichukue ukaenda kulisema kwa wengine "fulani yupo yupo tu", kwa sababu kwenye mdomo wa mwingine linageuka dharau. Mimi kwenye barua nikiambiwa niandike habari za mtu wa namna hii naandika "kwa sasa hana ajira" au "anaendelea kutafuta kazi", inatosha na haimvunjii mtu heshima.

Kundi la tatu ndio maneno ya lawama, na kila moja lina sharti lake ambalo lazima litimie ndio ulitumie. Kutega, lazima iwepo zamu au kazi ya pamoja aliyoikwepa, watu wanachimba mtaro wa maji yeye kaenda "kunywa maji" hajarudi. Asiye na kazi hawezi kutega, atatega nini? Kuzembea, alikuwa na wajibu na kitu kimeharibika kwa kuuacha, mlinzi kalala geti likavunjwa. Kulaza damu, nguvu anazo, nafasi anayo, mwili hautaki kunyanyuka. Kubweteka lina sharti kali zaidi, lazima kwanza mtu awe amepata kitu akaridhika nacho akaacha kuhangaika. Sikiliza makocha pale Sokoine timu ikishinda mechi mbili tatu, utasikia "wachezaji wasibweteke". Hawaambiwi hivyo timu iliyopigwa mechi tano mfululizo. Sasa rudi kwa yule kijana wa chuo, alipata nini akaridhika nacho? Hakuna. Basi neno la mjomba limeanguka hapo hapo.

Kuzubaa liko peke yake kidogo, ni la akili kuchelewa huku jambo linapita, "usizubae gari linajaa". Ni onyo la kirafiki mara nyingi. Ila kuduwaa siyo lawama kabisa, mtu kasimama kwa mshtuko, kapewa habari mbaya. Goigoi na mtepetevu ni za mwili uliolegea, na hizi nashauri uziache mpaka ujue mtu haumwi, wapo wanaoitwa goigoi ukifuatilia unakuta damu imepungua au wana ugonjwa ambao haujapimwa.

Na usimhukumu mtu kwa kalenda ya kwenu. Nyanda za juu kusini mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Novemba hivi inaisha Aprili au Mei, mgeni akija Agosti Iringa anaona mashamba ya mlimani yamekauka anasema watu wa huku wakivuna wanakaa. Ateremke bondeni. Kuna vinyungu, yale matuta ya kwenye unyevu, watu wanalima mahindi ya kuchoma, maharage na mboga kipindi chote cha kiangazi. Shamba la juu limepumzika, mwenye shamba hajapumzika.

HATUA YA 3: Je, kitarudi?

Ukitoka kwa watu ukaja kwenye vitu, biashara, ardhi, mashine, swali linabadilika. Kitu hakina uvivu kwahiyo unachotakiwa kusema ni kama kitaamka.

Kulala kunaacha mlango wazi. Ukisema soko limelala unategemea mwisho wa mwezi litaamka. Kundi la WhatsApp limelala, siku ya harusi litawaka. "Mtaji umelala kwenye mzigo" watu wa Mwanjelwa wanasema sana hii, maana hela haijapotea, imekaa kwenye marobota ya nguo stoo na itarudi yakiuzika. Mfano wangu mzuri kuliko yote upo hapo Rungwe. Kwenye jiografia tulifundishwa volkano hai, volkano iliyolala na volkano mfu, na mlima Kiejo wa kule Rungwe lava yake ya mwisho ilitoka kama mwaka 1800, kwahiyo huwezi kuuita mfu, umelala, na anayeishi chini yake ni vizuri ajue hiyo tofauti.

Mbegu ya viazi mviringo ni hivyo hivyo. Ukivuna leo ukapanda kesho haioti, inabaki wiki kadhaa mpaka miezi miwili mitatu kutegemea aina, macho hayajafunguka. Hapo sema mbegu imelala au haijachipua. Usiseme imekufa ukaenda kuilisha ng'ombe.

Kwa biashara kuna ngazi na ni vizuri uzishuke moja moja. Imepoa, wateja wamepungua wiki hii. Imelala, hakuna kinachoendelea kwa sasa. Inasuasua, inakwenda inakwama inakwenda tena, hili linafaa sana kwa miradi ya maji na majengo ya zahanati. Imedorora, imeshuka kwa muda mrefu na inaonekana kwa wote. Imekufa, umefunga umerudisha fremu kwa mwenyewe. Kudoda ni la bidhaa siyo la duka, nyanya zimedoda, nguo zimedoda, na nyanya ikidoda siku tatu haina kulala tena inaoza, kwahiyo usichanganye ukamfariji mama muuza nyanya kwamba "zimelala tu zitaamka".

Magari kwa ufupi. Limepaki, mwenyewe kataka. Limelala Tunduma, lipo kwenye foleni ya mpakani au dereva kapumzika. Lipo juu ya mawe, usitegemee leo wala mwezi ujao. Lipo sailensi, injini inanguruma gari halitembei. Na lipo frii, gia imetolewa, ila frii siyo mapumziko ya gari na wale wanaoteremka mlima Kitonga na frii eti wanabana mafuta wanahatarisha roho za watu, gari nzito kwenye ule mteremko linatakiwa liwe kwenye gia ya kulishika.

Ardhi unasema "tumelipumzisha shamba" kama mmeliacha makusudi lirudishe rutuba. Likiachwa kwa sababu mwenyewe kahamia mjini hilo limekuwa pori. Kwenye migogoro ya mashamba inayopelekwa baraza la kata tofauti hii ni kubwa, manake jirani akisema shamba lilikuwa pori anataka kusema halikuwa na mwenyewe, wakati ninyi mlilipumzisha. Mwambie mchapaji wako hilo neno mapema kabla hajaanza kuandika malalamiko.

HATUA YA 4: Angalia nani anasikiliza

Kupumzika na kulala yote mawili yanatumika kwa marehemu. "Mzee amepumzika", "amelala katika Bwana", "tutampumzisha mpendwa wetu saa nane mchana". Kwahiyo kama baba yako ana umri mkubwa au anaumwa na mtu kapiga simu kumwulizia, usijibu kwa mkato "mzee amepumzika". Utasikia kelele upande wa pili. Jibu "amejipumzisha kidogo chumbani, akiamka nitamwambia". Hilo "kidogo" na "akiamka" ndio yanaokoa, weka moja au yote mawili kila ukitaja usingizi wa mtu mzima.

Starehe nalo lina sura mbili. Kwa wazee, ukiingia wakataka kunyanyuka kukupisha kiti unawaambia "starehe, starehe", yaani kaeni msisumbuke, ni adabu nzuri sana na ningependa vijana wairudishe. Lakini "mtu wa starehe" mtaani ni mtu wa baa na kumbi. Kula bata nako ni la vijana, linamaanisha kupumzika kwa kutumia hela, usiliandike kwenye barua ya bosi wala kumwambia mama mkwe kwamba wikiendi ulikuwa unakula bata.

Kutulia ni neno zuri ila sauti ndio inaamua. "Ametulia" ni sifa, mtu hana makuu. "Tulia basi" kwa mtoto ni amri. "Tulia wewe" kwa mtu mzima ni ugomvi unaanza.

HATUA YA 5: Maneno mawili ya kuyaweka mbali

La kwanza ni mzururaji. Siyo neno la mzaha, ni la kisheria. Kanuni ya Adhabu yetu vifungu vya 176 na 177 vinahusu uzembe na uzururaji, na wanaokumbuka mwaka 1983 Sheria ya Nguvukazi wanajua watu walikamatwa mijini kwa kutokuwa na kazi inayotambulika wakapelekwa vijijini kulima. Vijana waliokaa kijiweni Mafiati wakisubiri abiria au kibarua hawazururi, kijiwe ndio ofisi yao, mwenye fuso la mbao akitaka wapakuaji anakuja kuwatafuta pale pale. Sema wapo kijiweni.

La pili ni golikipa, jina wanalopewa akina mama wa nyumbani, eti wamekaa golini wanasubiri mume alete. Silipendi na sitalichapa kwenye karatasi yoyote. Mama anaamka saa kumi na moja baridi ya Juni inakata, anawasha moto, anateka maji, anaandaa watoto wa shule, anakwenda shamba, jioni anapika, alafu kwenye fomu sehemu ya kazi anaandikiwa "hana". Andika "mama wa nyumbani" au "mkulima" kama analima, na wengi wanalima. Azimio la Arusha mwaka 1967 lilishasema hili waziwazi, kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi sana wakati wanaume wa vijijini wapo likizo nusu ya maisha yao. Ni maneno makali ila yalitumia neno likizo mahali pake, kwa wenye kazi walioiacha.

HATUA YA 6: Ukifika kwenye barua

Hapa ndio watu wanapoteza haki zao kwa kuandika neno siyo. Ruhusa, likizo, mapumziko na ED ni vitu vinne. Ruhusa ni ya saa au siku chache, unamwomba bosi na anaweza kukataa. ED anaiandika daktari, inasema huyu asifanye kazi siku kadhaa. Mapumziko ni yale ya ndani ya kazi, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ukifanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 unatakiwa upate angalau dakika 60, upate saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 mfululizo kila wiki. Likizo ndio hiyo ndefu yenye malipo.

Na likizo lazima uitaje kwa jina lake. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, kwahiyo Jumapili zimo humo ndani na sikukuu ikiangukia humo nayo imo. Likizo ya uzazi siku 84, na ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja siku 100. Baba anapata siku 3, na hizi akina baba wengi wa huku hawaombi kabisa, wanaomba "ruhusa ya kwenda kumwona mgonjwa" wakati ni haki yao. Likizo ya ugonjwa inafika siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Msiba wa mtu wa karibu, yaani mume, mke, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, una siku 4. Aliyefikisha umri anastaafu, kwa watumishi wengi wa umma ni miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, na mstaafu usimwandike "ameacha kazi" manake kuacha kazi ni jambo jingine kabisa na mafao yake yanaweza kuingia mkanganyiko.

Barua yenyewe iwe fupi. Chini ya anuani andika "Yah: Maombi ya likizo ya mwaka", alafu: "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba likizo yangu ya mwaka ya siku 28 kuanzia tarehe … hadi tarehe …. Kazi zangu nitazikabidhi kwa …. Nitarejea kazini tarehe …." Usiandike "naomba nikapumzike kidogo kwa sababu nimechoka", siyo kwamba ni uongo, ila umegeuza haki kuwa huruma, na bosi mwenye haraka ataisoma kama ombi la ruhusa akakupa siku tatu. Usiandike pia "nitakuwa nyumbani tu". Tarehe ya kurudi iwe siku inayofuata baada ya siku ya mwisho ya likizo, hesabu kwenye kalenda kwa kidole, alafu toa nakala, mpelekee ofisi igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki na yako.